Sungura Aliyemng'ata Wistin

Machi 9
Leo sungura amemng'ata Wistin. Kidole cha shahada, hadi damu. Nimemfunga kitambaa nikampa pole kama mke mwema, kisha nikaingia jikoni nikacheka peke yangu. Tangu nimeolewa sijaona kiumbe akimpinga Wistin namna ile na akabaki salama.

Ni yule jike mweusi wa kizimba cha mwisho, huko juu ya paa. Ndiye pekee aliyebaki. Ugonjwa ulipita Februari ukawafagia wengine wote, pamoja na lile dume kubwa la ukoo ulioanzishwa na baba yake Wistin. Kila asubuhi Wistin alikuwa anapanda mikono mitupu na kushuka na gunia. Wistin hasemi kitu hata nyumba ikiungua.

Wakati wa chakula nikamuuliza atamfanya nini huyu mmoja.

"Atanenepa. Siku ya Imnarja tutamla."

"Lakini ndiye aliyepona peke yake, Wistin."

"Na Toni anakuja."

Toni ni kaka yake mkubwa. Anaishi ng'ambo, kisiwa kikubwa, na kila mwaka mwisho wa Juni huvuka na feri kuja hapa Nadur kusherehekea Imnarja, sikukuu ya watakatifu wetu Petro na Paulo, kwa kula sungura wa nyumbani. Wa dukani hataki hata kuwaona. Anasema wananuka plastiki.

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Nipe mimi."

"Wa nini?"

"Wa kufuga. Nimzoeze."

Akaninyooshea kile kidole kilichofungwa. "Huyu? Karmena, huyu ni nyama yenye hasira."

Tukabishana mpaka supu ikapoa. Mwishowe akasema, nadhani kwa kuchoka, kwamba sungura akila mkononi mwangu siku ya Imnarja, Toni akiona kwa macho yake, atabaki wangu.

"Na asipokula?"

"Asipokula, ataliwa."

Tumepeana mikono juu ya meza kama watu waliouziana ng'ombe.

Machi 10
Upepo mkali kutoka kaskazini mashariki. Nimevaa aproni ya paa, nikajaza mfuko majani ya karoti, nikapanda. Kuniona tu, amejibana pembeni na kupiga mguu wa nyuma kwenye ubao: puu! Kama mtu anayekubamizia mlango.

Machi 11
Puu.

Machi 12
Puu. Majani ya jana yameliwa, ila nilipokuwa nimeshuka.

Machi 16
Jirani yangu Rozina amepanda kunifundisha kazi.

"Shoga, sungura hushikwa masikio. Unamwinua hivi, unampulizia puani, anajua nani mkubwa."

Amemwinua hivi. Sasa Rozina ana mikwaruzo mitatu mkononi na sungura anajua nani mkubwa. Nilipomuuliza, katika maisha yake yote ya kufuga, ni wangapi waliowahi kumzoea, alinishangaa.

"Wanizoee ya nini? Miezi minne tu, wameshaenda na viazi!"

Ndipo nilipogundua kwamba katika kijiji hiki kizima, ambako kila paa lina vizimba, hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza swali langu. Tunajua sungura anapenda divai gani. Anachopenda yeye mwenyewe hakuna anayejua.

Machi 23
Nimempa jina. Ninaliandika hapa tu, na kumnong'oneza yeye tukiwa wawili: Sinjura, bibi wa heshima. Anakaa kama mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Si jambo dogo hili. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja juu ya paa: usimpe jina. Chenye jina hakiingii sufuriani. Alinisimulia mwenyewe jinsi Wistin, akiwa na miaka sita au saba, alivyosimama mbele ya wageni wote siku ya Imnarja na kutangaza jina la sungura aliyekuwa amechaguliwa. Ikabidi watu wazima kumi na wawili wale makaroni. Toni hadi leo hajaisahau. Yule sungura alikuja kufa kwa uzee.

Nilipoolewa nilifikiri ni hadithi ya mtoto mwingine. Wistin wangu hamwiti sungura hata "yeye". Ni "nyama", au "hiyo ya kona".

Aprili 2
Nimemfungulia kizimba awe huru juu ya paa, ukuta ni mrefu wa kutosha. Nimekaa chini sakafuni, kitu ambacho goti langu halikukipenda. Amekaa upande wa pili. Tumetazamana mpaka jua likaniunguza pua.

Aprili 5
Silla, yale malisho ya maua, imechanua, mashamba yote mekundu. Nimeijaza mfuko mzima wa aproni nikampelekea, maana hakuna mnyama hapa anayeikataa. Amekataa. Nimeiacha sakafuni nikashuka, na niliporudi ilikuwa imekwisha hadi mashina.

Kwa hiyo si chakula asichokitaka. Ni mimi.

Aprili 9
Nimeanza uchunguzi. Labda ni mikono yangu, inanuka vitunguu saumu. Nimeisugua kwa limau na chumvi. Puu.

Aprili 10
Labda viatu. Nimepanda peku. Puu. Na mafua juu.

Aprili 12
Labda sauti. Nimenyamaza saa nzima. Wistin aliponikuta akauliza kama naumwa.

Aprili 18, Ijumaa Kuu
Kengele zimenyamaza tangu jana. Nimechungulia kupitia mlango wa ngazi bila yeye kunisikia na kumwona amejilaza chali kwenye jua, miguu imenyooshwa, tumbo wazi. Kumbe ana kiraka cheupe kifuani! Nilisimama pale nikiwa na furaha ya ajabu, kama nimemfuma mkuu wa shule akicheza dansi.

Nikatoka, nikiwa na majani yangu mfukoni. Puu.

Aprili 27
Hakuna jipya. Wistin ameuliza, bila kuinua macho kwenye sahani, "Nyama inaendeleaje?" Nimemwambia inaendelea vizuri kuliko mchuzi wake. Nimeghadhibika kweli. Mtu gani huyu, nilijiuliza, aliyezika sungura wote wa baba yake bila chozi na anamsubiri wa mwisho kwa uma.

Mei 11
Lazima niandike hili taratibu.

Nimetoka misani, nimechelewa, nikapanda moja kwa moja na gauni langu la Jumapili, lile la bluu yenye maua, bila hata kupita jikoni. Nilitaka tu kuona kama ana maji. Nikainama kwenye bakuli, nikahisi kitu kwenye kifundo cha mguu. Pua. Pua yenye baridi, inanusa soksi. Sikupumua. Akazunguka kiatu, akanusa pindo la gauni, kisha akaondoka zake bila haraka.

Nikashuka mbio, goti na yote, nikavaa aproni, nikajaza mfuko majani, nikapanda. Puu! Hadi nyuma ya kizimba.

Nikashuka. Nikavua aproni. Nikapanda. Masikio yakasimama, akanitazama, akabaki palepale.

Nimepanda na kushuka hivyo mpaka Rozina akaniita kutoka paa lake: "Karmena, kuna nini, nyumba inavuja?"

Aproni ya paa ni ile ya mistari, ya kitambaa kigumu, inayoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Katika nyumba hii hakuna anayepanda kwenye vizimba bila kuivaa. Mama mkwe alinipa wiki ile niliyoolewa. Unaivaa kwa sababu ya manyoya, basi. Sikuwahi kufikiria zaidi ya hapo.

Jioni nilimuuliza Wistin, "Februari, ulipokuwa unawatoa wale waliokufa, ulivaa nini?"

Akaelekeza kidevu kwenye mlango.

"Na Jumamosi, ulipokuwa ukienda kumchagua wa kuliwa Jumapili?"

Tulikuwa sote tunaiangalia, inaning'inia pale.

Nililia, nasema wazi. Tangu Machi nimekuwa nikimpelekea yule mnyama maua nikiwa nimevaa kitu ambacho kila kilipoonekana, mmoja alitoweka. Na nilikuwa namwita mkaidi.

Mei 12
Aproni haipo nyuma ya mlango. Nimeikuta gereji, imekatwa vipande vipande.

"Nilihitaji matambara ya gari," amesema Wistin.

Kabati lina matambara ya kutosha gari kumi.

Mei 18
Ninapanda na gauni la kawaida. Amenusa mkono wangu, akapiga chafya, akaondoka.

Mei 25
Leo amesugua kidevu kwenye kiatu changu, mara mbili. Nilidhani anawashwa. Kisha nikamwona anasugua ndoo, ufagio, mlango. Nadhani anaandika jina lake kwenye vitu vyake. Kama ni hivyo, mimi ni wake. Nimeshuka nikiimba, na ngazi zilikuwa zinanuka tumbaku.

Juni 3
Wivu si kitu cha kuandika lakini nitauandika.

Nilipanda mchana na kumkuta Wistin ameketi sakafuni, amenipa mgongo, anarekebisha bawaba ya kizimba. Sinjura alikuwa amelala ubavuni kwenye buti lake. Amelala, macho nusu, kichwa juu ya kamba za kiatu!

"Sijamgusa," Wistin alisema upesi, kama mwizi wa zabibu.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya chochote. Nafanya kazi yangu."

"Miezi mitatu mimi namwimbia, anakuja kulala kwako?"

"Labda kwa kuwa mimi siimbi."

Nimekaa na hasira hadi sasa, lakini pia nimekaa na swali. Kesho nitapanda na kazi ya mkono, nimpe mgongo, nisimtake kitu.

Juni 4
Nimeshona pindo la pazia. Amekuja. Amekaa nyuma yangu, nilimhisi bila kugeuka.

Juni 8
Pazia la pili. Ametafuna uzi.

Juni 14
AMEKULA MKONONI. Tawi la shamari. Nilikuwa nimeweka mkono wazi pembeni huku nikiangalia bahari. Midomo yake ni laini kuliko kitu chochote ninachoweza kutaja. Nilimwambia asante, Sinjura, asante, kwa sauti mpaka nikajiona kichaa.

Juni 15
Nimemwita Rozina aone. Sinjura ametugeuzia makalio na hakugusa kitu hadi Rozina aliposhuka.

"Mbele yangu hali, mbele ya Toni na mdomo ule ndio atakula?" amesema Rozina. "Shoga, mloweke kwenye divai."

Ameondoka akicheka, mimi nimebaki nikihesabu siku. Anakula kwangu tukiwa wawili. Mapatano ni Toni aone.

Juni 21
Joto limeingia kwa kishindo. Fataki nazo. Klabu ya bendi imeanza kupiga mizinga ya mchana, fataki za kishindo kitupu za kukaribisha sikukuu, na Wistin yuko katika kundi la wapigaji, kama kila mwaka tangu ujana wake. Kila mlipuko Sinjura anaruka hadi kugonga ukuta.

Juni 25
Anakula kidogo.

Juni 26
Hali kabisa.

Juni 27
Amejikunja kama mpira, anasaga meno, na sakafuni hakuna hata punje moja ya kinyesi. Nimemfunga kwenye shali nikampeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Binti mpole. Amesikiliza tumbo, akatikisa kichwa.

"Tumbo limesimama, mama. Ni hofu. Mpe uji huu kwa bomba la sindano kila baada ya saa chache, umkande. Tumbo lisipoanza kufanya kazi kufikia kesho, tutampoteza. Na muhimu zaidi, awe mahali penye kimya."

"Mimi ni wa Nadur," nikamwambia.

"Wiki hii?" Akacheka, kisha akaomba radhi.

Amekataa uji wote. Umeishia kifuani mwangu.

Juni 28
Asubuhi nilimkuta kwenye kabati la chini jikoni, nilikomlaza na mito pande zote, baridi masikioni. Wistin alikuwa amesimama mlangoni, amevaa fulana ya klabu, tayari kwenda uwanjani. Mizinga ya mkesha ndiyo mikubwa kuliko yote, na yeye ndiye huwasha ule wa kwanza.

Nilikuwa sina adabu iliyobaki. Nikamwambia, "Nenda. Nenda kalipue. Utaokoa gharama ya kisu."

Akanitazama. Nilidhani atatoka. Akavua fulana juu ya kichwa, akainama na kifua wazi mbele ya kabati, akaingiza mikono. Nikapiga kelele kwamba atamng'ata. Hakumng'ata. Alimfunga kwenye ile fulana nyekundu kama mtoto wa ubatizo.

"Fungua handaki."

Chini ya zizi la zamani kuna handaki ambalo babu yake alilichimba kwenye mwamba wakati wa vita. Tunahifadhi huko viazi. Sijui kwa nini halikunijia akilini. Nadhani mimi nimezoea kulifikiria kama ghala, na yeye amekua akisimuliwa habari zake.

Tulishuka na taa. Baridi ya mle ndani ilikuwa nzuri. Wistin aliketi kwenye kreti, akamweka Sinjura chini kati yetu, akageukia ukuta.

"Mama alikuwa na mbuzi humu," alisema. "Ndege zikija, watu walikuwa wanamshika yule mbuzi. Alisema mbuzi ndiye aliyewatuliza."

Mlipuko wa kwanza ulipigwa bila yeye. Huko chini ulisikika kama mtu anayetembea chumba cha juu. Sinjura aliinua sikio moja tu.

Nikampa uji. Akauma mkono wa gauni langu, akameza. Nikampa tena. Nikamkanda tumbo kwa vidole viwili, duara, duara, jinsi daktari alivyonionyesha, na Wistin alinishikia taa huku akiutazama ukuta. Watu wa klabu walimpigia simu bila shaka, lakini kule chini simu haifiki. Sikumbuki lini mara ya mwisho tuliketi hivyo, yeye na mimi, bila redio. Aliniambia kuhusu dume lile kubwa, jinsi lilivyokufa mikononi mwake siku ya nne ya ugonjwa, na kwamba baba yake angemlaumu. Nilimwambia asingemlaumu. Akasema, "Hukumjua akiwa na hasira." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyoyapata kwake tangu majira ya baridi, na mimi muda wote huo nilikuwa nikidhani hana uchungu.

Alasiri, punje tatu, ndogo kama pilipili manga. Nilizikuta kwenye fulana ya klabu. Sijawahi katika maisha yangu kufurahia mavi namna ile. Wistin alivua kofia.

Kisha nyingine, na nyingine. Na jioni Sinjura akajinyoosha, akapiga miayo, akaja akachukua jani la shamari mkononi mwangu, Wistin akiwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Sikuona. Nilikuwa naangalia ukuta." Akarekebisha taa. "Na mapatano ni Toni aone."

Nimeshindwa kujua kama anatania. Ninaandika haya na bado sijui.

Juni 29, Imnarja
Toni ameingia na chupa mbili za divai, na Rozina nyuma yake, hakutaka kupitwa.

"Shemeji! Nasikia kuna maajabu. Sungura gani huyo anayelishwa kama kardinali? Na wewe Wistin, jana mzinga wa kwanza kawasha nani? Wanasema ulipotea!"

"Nilikuwa na kazi," alisema Wistin.

Tukashuka wote handakini. Nilikaa sakafuni nikiwa na shamari mkononi, nikawapa mgongo, nikaangalia viazi. Nilimwomba Mungu, na Petro, na Paulo. Sinjura akatoka nyuma ya kreti. Akaja hadi kidole kimoja kutoka kiganja changu. Toni akakohoa.

Akageuka. Makalio kwetu sote. Nikasogeza mkono, akasogea mbele.

Toni akapiga makofi. "Imekwisha! Shemeji, pole sana, mapatano ni mapatano. Wistin, lete kisu, divai inapata joto."

Sikuweza kuinua kichwa. Nilisikia Wistin akisafisha koo.

"Ngoja kwanza," alisema. "Sinjura amechoka."

"Nani amechoka?" Toni akauliza.

"Sinjura."

Nikageuka. Masikio ya mume wangu yalikuwa mekundu kama silla. Anatazama dari ya mwamba, mzee wa miaka sitini na sita, mikono nyuma.

Toni akaketi kwenye kreti kama aliyekatwa miguu. "Madonna! Mara ya pili! Mara ya pili unanifanyia hivi, Wistin, katika maisha yangu! Nimevuka bahari!"

"Kuna makaroni," alisema Wistin.

Rozina alicheka hadi akashikilia ukuta. Mimi sikucheka. Sikuwahi kumtajia mtu jina hilo. Nililisema juu ya paa tu, kwa kunong'ona, nikijua niko peke yangu. Sasa nakumbuka harufu ya tumbaku yake kwenye ngazi. Mara ngapi alikaa pale nyuma ya mlango, akinisikiliza nikizungumza na sungura?

Toni alikula sahani mbili, akilalamika kati ya kila kijiko.

Juni 30
Sinjura amemng'ata Wistin. Kidole kilekile. Nilipokuwa namfunga kitambaa amesema kosa ni lake mwenyewe, hakumwonyesha Sinjura mkono kwanza.